Mashini ya kukata majani: maswali tunayoulizwa kila msimu wa mvua hapa Lubumbashi

Mvua za kwanza zikianguka, mnamo mwezi wa kumi au wa kumi na moja, uwanja wa garaji yetu hujaa. Mashini zilizolala tangu mwezi wa tano zinaamshwa siku moja, zinakataa, zinapandishwa kwenye pusi-pusi (mkokoteni) na kuletwa. Karibu kila mwenye mashini anauliza maswali yale yale, wengi wakiwa na hasira. Hasira hiyo naielewa: mtu ametoa pesa ya jasho lake, na mashini imemwachia majani ya kufika magotini. Nimeandika majibu hapa ili uyasome kabla ya kununua, au kabla ya kutupa.

Kwa wasomaji wa mbali: sisi tunasema motere, esansi, bujii na kufanya vidanji. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya husema injini, petroli, plagi na kubadilisha oili. Nitaandika kama tunavyosema nyumbani.

Je, ni kweli mashini za siku hizi ni dhaifu, au ni wazee tu wanaosifu mambo ya zamani?

Ni kweli, lakini si kweli yote.

Nina mashini moja garajini iliyotumika katika nyumba moja ya mtaa wa Makomeno tangu miaka ya 1980. Bodi yake, yaani kile kifuniko cha kisu, ni alumini ya kumimina. Nikiigonga kwa kle (spana) ya 13 inalia kama kengele. Nikigonga bodi ya mashini mpya ya bei rahisi, inalia kama debe. Hiyo ni bati la chuma lenye unene wa milimita mbili hivi, limekunjwa kwa presi na kupakwa rangi. Rangi ikichubuka kwa ndani, unyevu wa majani unaanza kulila, na baada ya misimu michache utaona mwanga ukipita.

Lakini tukumbuke jambo moja. Mashini ile ya Makomeno tunaiona kwa sababu imebaki. Zile mbovu za enzi zake hakuna anayezikumbuka, zilishauzwa zamani kwa wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu), kwa kilo. Na hii iliyobaki haikubaki kwa unene wa alumini peke yake. Mzee aliyekuwa akiisukuma alikuwa na daftari, na katika daftari hilo aliandika tarehe ya kila vidanji. Nimeliona kwa macho yangu, limejaa alama za vidole vya mafuta. Nikiulizwa kwa nini mashini ile inaishi, naanza na daftari, alumini baadaye.

Nini hasa kimebadilika ndani ya mashini?

Watu wengi wanaanza kwa kulaumu alumini ya motere, na hapo wanakosea. Kampuni ya Briggs & Stratton ya Milwaukee, Marekani, ilitoa motere nyepesi ya alumini tangu mwaka 1953. Motere nyingi za mashini za kukata majani zimekuwa na silinda ya alumini tupu, bila shati la chuma (bomba la chuma linalovikwa ndani ya silinda), kwa miaka mingi sana, na zilifanya kazi vizuri zilipotunzwa. Tofauti ipo, ndiyo: motere yenye shati la chuma inavumilia vumbi na uzembe kwa muda mrefu zaidi. Ukiweza kuipata, chukua hiyo.

Kilichobadilika zaidi ni vitu vidogo vinavyoizunguka motere. Karbiratere ya chuma iliyofunguka kwa vise (skrubu) nne imekuwa, katika mashini nyingi za chini, karbiratere ya plastiki ambayo haikukusudiwa kufunguliwa. Magurudumu yaliyozunguka juu ya beringi sasa yanazunguka plastiki juu ya chuma, na baada ya mwaka yanayumba kama mlevi. Kabo (waya) za mshikio ni nyembamba. Springi ya kamba ya kuwashia inakatika. Mahali palipokuwa na buloni (bolti) pana ripiti (riveti), na ripiti haifunguliwi kwa kle, inatobolewa.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Chuma chembamba naweza kukichomelea. Kitu kilichofungwa ili kisifunguliwe kimeshaamua, tangu kiwandani, kwamba fundi hatakigusa.

Kwa nini watengenezaji walifanya hivyo?

Kwa sababu sisi wanunuzi tuliuliza bei kwanza, na wao walitusikia.

Mashini ya kwanza ya kukata majani ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding, katika mji wa Stroud, akifuata mfano wa mashini ya viwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya kitambaa. Ilikuwa ya chuma cha kumimina, nzito, na ilinunuliwa na wenye viwanja vikubwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1952, Mervyn Richardson wa Australia aliunda mashini ya kisu cha kuzunguka aliyoiita Victa, na katika ile ya kwanza alitumia kopo la matunda kuwa tanki la esansi. Tangu hapo mashini ilianza kuwa kitu cha nyumba ya kawaida. Hilo ni jambo jema. Lakini kitu cha kila nyumba kinauzwa katika maduka makubwa, na maduka makubwa yanabishana kwa bei. Muuzaji akimwambia mtengenezaji apunguze dola kumi, dola hizo zinatoka kwenye beringi, kwenye kabo na kwenye unene wa bati.

Kuna sababu nyingine pia. Viwanda vyenyewe vimeyumba: Briggs & Stratton iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2020, ikauzwa mwaka ule ule. Honda iliacha kutengeneza mashini za majani za esansi katika kiwanda chake cha Marekani mwaka 2023. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 inayodai motere ndogo mpya zisitoe moshi kuanzia modeli za mwaka 2024. Kwa hiyo pesa na akili za wahandisi zinakwenda kwenye batri. Motere ndogo ya esansi haipati tena matunzo iliyokuwa ikipata kwenye meza ya mchoro, na sisi tunaoishi nayo tunapaswa kulijua hilo tunaponunua.

Mbona mashini ile ile inaishi muda mrefu Ulaya lakini hapa inakufa haraka?

Kwa sababu ya ardhi yetu. Nitaeleza kwa kirefu, maana kitabu cha maelekezo hakikuandikwa kwa ajili ya Katanga.

Kwanza vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa karibu hakuna mvua, na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya kabati la nguo. Vumbi hilo lina chembe ngumu. Likipita kwenye filtri iliyochanika na kufika kwenye silinda, linasaga pistoni na segima (ringi) zake kama msasa.

Pili vichuguu. Mtu amesawazisha kichuguu, amepanda gazoni (majani ya bustani) juu yake, lakini udongo wa mchwa uliokauka ni mgumu kama tofali. Kisu kinaugonga kila wiki.

Tatu mwinuko. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Fanya hesabu: asilimia 14 imekwenda kabla hujavuta kamba. Mashini iliyotosha majani fulani pwani itahangaika na majani hayo hayo hapa.

Nne, msimu wenyewe. Wakati wa mvua majani yanakua mbele ya macho yako, hasa paspalumu na kikuyu. Ukikosa wiki mbili, si gazoni tena, ni shamba. Mashini ndogo inaingizwa humo kwa nguvu, motere inazama, inachemka. Majani ya namna hiyo yapunguze kwanza kwa kupe-kupe (panga), kisha pitisha mashini. Kanuni ya wakulima wa gazoni ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na inasaidia motere kama inavyosaidia mizizi.

Tano, esansi. Hiyo ina swali lake hapa chini.

Mashini yangu imeandikwa nguvu za farasi sita. Mbona inashindwa?

Usiamini sana namba hiyo. Huko Marekani wanunuzi waliwashtaki watengenezaji kwa kuzidisha nguvu za farasi kwenye maandishi, na kesi hiyo ilimalizika kwa malipano mwaka 2010. Ndiyo maana mashini nyingi sasa zinaandikwa ukubwa wa silinda tu. Angalia huo ukubwa: kwa uwanja wa kawaida wa nyumba hapa, usishuke chini ya sentimita 140 za ujazo.

Muuzaji aliniambia motere hii haihitaji vidanji kamwe, ni kuongeza tu. Ni kweli?

Kuna motere zinazouzwa kwa ahadi hiyo, na kampuni kubwa imeziweka sokoni. Mimi nakuomba usiifuate ahadi hiyo Lubumbashi.

Angalia ukubwa wa jambo lenyewe. Gari lako lina lita nne au tano za mafuta ya motere, lina pampu, lina filtri ya mafuta. Mashini ya majani ina nusu lita hivi. Nyingi hazina pampu wala filtri: kijiko kidogo cha chuma kinarusha mafuta huku na huku ndani, basi. Nusu lita hiyo inafanya kazi kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kwenye joto, vumbini. Kila chembe iliyosagika inabaki humo humo mpaka wewe uitoe.

Fanya hivi. Mashini mpya: mwaga mafuta ya kwanza baada ya saa tano za kazi. Yatatoka yakimetameta kama rangi ya gari, hayo ni maganda ya chuma kutoka kwenye rodaji, yaani saa za kwanza za motere kujizoeza. Baada ya hapo, vitabu vingi vinasema kila saa 50 au kila msimu, na mahali penye vumbi kila saa 25. Sisi ni mahali penye vumbi. Tumia SAE 30 wakati wa joto, au 10W-30. Usiweke mafuta yaliyotoka kwenye vidanji ya gari. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema, kuokoa pesa, na motere ikafungana ndani ya miezi mitatu.

Iwashe dakika tano kabla ya kumwaga ili mafuta yawe mepesi. Toa waya wa bujii. Mwaga. Jaza mpaka kwenye alama, usizidishe, maana yakizidi yanapanda kwenye filtri na kutoa moshi mweupe utakaowatisha majirani.

Chupa moja ya lita inatosha vidanji mbili. Linganisha bei ya chupa hiyo na bei ya motere.

Filtri ya hewa inasafishwaje?

Ya sponji: osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kamua bila kusokota, kausha kivulini, dondoshea mafuta kidogo ya motere, kamua tena. Ya karatasi: igonge taratibu juu ya meza ili vumbi lidondoke. Usiioshe kwa esansi, usiipulize kwa kompresa yenye nguvu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Ikiwa nyeusi, nunua nyingine.

Mama mmoja mwenye shule ya chekechea aliniletea mashini isiyo na filtri kabisa. Mtu alimwambia motere itapumua vizuri zaidi bila hiyo. Nilifungua kichwa cha motere mbele yake, nikamwambia apitishe ukucha ndani ya silinda, kutoka juu kwenda chini. Ukucha ulikuwa unakwama kwenye mistari. Mama alinyamaza, kisha akasema, “Papa, hii yote ni vumbi?” Ndiyo, mama. Msimu mmoja tu.

Kila mwaka baada ya kiangazi mashini inakataa kuwaka. Kwa nini?

Hili ndilo swali nambari moja, na jibu lake karibu kila mara ni esansi iliyoachwa ndani.

Esansi inaoza. Baada ya mwezi mmoja hivi inaanza kupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka haraka, na inayobaki inageuka utomvu. Fungua chungu kidogo cha chini ya karbiratere baada ya miezi mitano ya kiangazi: utakuta ute wa rangi ya chai, unanuka kama rangi ya zamani, na pembeni umeganda kama gundi. Sasa tazama jikleri, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha esansi. Tundu lenyewe ni jembamba kama pini. Utomvu kidogo tu unaliziba, na mashini haitawaka hata ukivuta kamba mpaka bega litoke.

Dawa ni kazi ya dakika kumi mwishoni mwa msimu. Mwaga esansi ya tanki. Washa mashini iunguze iliyobaki mpaka izime yenyewe. Basi. Kama ina bomba la kufungia, lifunge. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, toa bujii, dondoshea kijiko cha mafuta ya motere kwenye silinda, vuta kamba mara mbili polepole, rudisha bujii.

Na esansi yenyewe, inunue wapi? Kadhafi, yaani muuzaji wa esansi wa barabarani, anatusaidia sana siku ambazo vituo vimekauka, simsemi vibaya. Lakini chupa iliyokaa juani huwezi kujua imekaa siku ngapi, wala kama imechanganywa na petroli ya taa (mafuta ya taa). Kama huna njia nyingine, chuja kwa kitambaa safi, acha kwenye chupa inayoonyesha ndani kwa saa moja, uone kama maji yanakaa chini. Maji yapo mara nyingi kuliko unavyodhani. Nunua ya wiki mbili, si ya miezi miwili.

Nani aliyeharibu mashini, mtengenezaji au mtunza bustani wangu?

Wenye nyumba wengi wanakuja na jibu tayari: ni jardinye. “Ule mtu haina kutunza kitu.” Nasikia maneno hayo kila wiki, mara nyingi jardinye mwenyewe akiwa amesimama hapo nje, ameshika mshikio wa mashini aliyoisukuma kutoka mtaa wa Bel-Air mpaka hapa.

Naomba niseme bila kuzunguka. Mtu aliyepewa mashini bila chupa ya mafuta, bila kle ya bujii, bila filtri ya akiba na bila kuonyeshwa hata mara moja namna ya kupima mafuta, hakuharibu mashini. Alitumwa kuiharibu. Nimewauliza wengi: “Kaka, kijiti cha kupimia mafuta kiko wapi?” Wengine hawakujua kama kipo. Si wajinga hao, ni watu wanaojua kulima, kupogoa na kupandikiza kuliko mimi. Hakuna aliyewaambia.

Siku utakayonunua mashini, mlete jardinye wako pamoja nawe. Tunamwonyesha mafuta, filtri, bujii na kisu, kwa mikono yake mwenyewe, nusu saa. Hatudai malipo. Mwachie daftari. Na mpe pesa ya filtri anapoomba, maana akiomba mara mbili bila kupewa hataomba tena, na hapo ndipo motere inapoanza kufa.

Kisu kinolewe mara ngapi?

Kila saa 20 au 25 za kazi, mapema zaidi kama una vichuguu. Angalia ncha za majani siku moja baada ya kukata: kama ni nyeupe na zimechanika, kisu kimelala. Noa kwa tupa au kwa mashini ya kunolea ukifuata mteremko ule ule wa kiwandani, karibu digrii 30. Usikifanye kama wembe, kitapinda. Kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, punguza upande huo kidogo mpaka kitulie. Kisu kisichokaa sawa kinatikisa motere nzima, kinalegeza buloni, kinakula beringi ya chini.

Iligonga jiwe, ikazima, sasa inarudisha kamba kwa nguvu na haiwaki. Motere imekufa?

Pengine hapana! Usikubali kununua motere mpya kabla ya kuangalia klaveti.

Juu ya motere kuna gurudumu zito lenye sumaku, linalopanga wakati wa cheche. Linashikwa mahali pake na kipande kidogo cha chuma laini, ndicho klaveti, kifupi kuliko kucha ya kidole kidogo. Kisu kikisimama ghafla, kipande hicho kinakatika au kupinda, kwa makusudi, ili ekseli kubwa isipinde. Basi cheche inakuja wakati usio wake. Kubadilisha klaveti ni kazi ya saa moja na pyesi (kipuri) ya bei ndogo kabisa. Nimeona motere nzima ikitupwa kwa ajili yake. Ekseli ikiwa imepinda kweli, hilo ni jambo lingine: washa bila kisu uone kama inatikisika.

Ule mshikio wa kuzimisha unachosha mkono. Naweza kuufunga kwa mpira?

Hapana. Tafadhali, hapana.

Kisu cha sentimita 53 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Jiwe dogo linalotoka hapo linavunja kioo cha dirisha ng'ambo ya uwanja. Marekani walilazimisha tangu mwaka 1982 kwamba kisu kisimame ndani ya sekunde tatu mtu anapoachia mshikio. Mpira wa tairi uliofungwa pale unaondoa sekunde hizo tatu. Kila mashini inayoingia garajini ikiwa na mpira, tunaukata kwanza, kabla ya kusikiliza tatizo lenyewe, na kama kabo ndiyo ngumu tunaitia mafuta. Na kabla ya kuweka mkono chini ya bodi, toa waya wa bujii. Kila mara.

Ninunue mpya ya bei rahisi, au okazyo (iliyokwisha tumika) ya zamani?

Swali langu la kwanza siku zote ni hili: pyesi zipo mjini? Filtri, kisu, kamba, karbiratere, klaveti. Kama muuzaji hana hata filtri moja rafuni, anakuuzia mashini ya msimu mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mashini mbili katika duka moja la hapa mjini kwa ajili ya mteja. Springi ya kamba ilikatika katika mwezi wa pili, nikarudi kuuliza springi, nikajibiwa ninunue mashini ya tatu. Mteja nilimlipa kwa pesa yangu.

Mashini ya kichina si lazima iwe mbaya. Kuna motere zilizonakili muundo wa Honda GX, uliotoka mwaka 1983, na pyesi zake zinapatikana hata kwenye soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) kwa sababu pampu za maji na groupe (jenereta) nyingi zinatumia muundo huo. Ila tahadhari, nyingi kati ya hizo zina ekseli ya kulala, na mashini ya majani inataka ekseli ya kusimama. Linganisha pyesi kwa pyesi.

Okazyo kutoka Ulaya au Afrika Kusini, yenye bodi ya alumini na motere unayoweza kuifungua, mara nyingi ndiyo naichagua. Kabla ya kulipa, vuta kamba polepole: ikupinge. Kama inakuja laini kama uzi wa cherehani, segima au valvu zimekwisha. Toa kijiti cha mafuta, unuse: mafuta yanayonuka esansi yana tatizo la karbiratere. Ilaze upande, filtri ikitazama juu, utazame bodi kwa ndani. Mwisho iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukiikuta imeshapashwa moto, sema utarudi kesho.

Na za umeme au za batri?

Ya waya kwa uwanja mdogo ni nzuri, haina vidanji, ila SNEL, shirika la umeme, ikikata unabaki na nusu ya uwanja. Ya batri ni safi na kimya. Lakini batri ndiyo motere yake, na kwa sasa hapa mjini siwezi kukuahidi nitakupatia nyingine ikifa. Siku hilo likibadilika nitabadilisha jibu hili.

Mashini yangu ina miaka kumi na tano na inatoa moshi. Niitengeneze, au niiuze kwa kilo?

Tazama rangi ya moshi kwanza. Mweusi ni esansi nyingi au filtri iliyoziba, jambo dogo. Mweupe unaotoka dakika chache tu baada ya kuilaza mashini ni mafuta yaliyohama, utaisha wenyewe. Wa bluu usioisha ni mafuta yanayopita kwenye segima au valvu, na hapo tunafungua. Kama silinda bado laini, segima mpya zinatosha. Kama ukucha unakwama, inategemea kama kuna shati la chuma la kuchonga. Bodi ya bati iliyotoboka kidogo tunaichomelea, iliyooza pande zote hatuigusi.

Ukiileta, usiioshe kwanza. Uchafu ulivyokaa juu ya motere unanionyesha mafuta yanatokea wapi.